Makumbusho na mikoko kwa siku moja: niwapeleke wapi wanafunzi?

Mwalimu wa Mbagala
Habari za jioni, wanajukwaa. Ninafundisha darasa la sita, na mwisho wa muhula ninataka kuwapeleka wanafunzi 40 kuona urithi wa wazee wetu pamoja na viumbe wa ardhi oevu. Mara iliyopita tulianzia Makumbusho ya Taifa, mtaa wa Shaaban Robert hapa Dar es Salaam, ambako watoto walivutiwa na habari za fuvu la Zinjanthropus lililopatikana Olduvai mwaka 1959. Mchana tukateremka ufukweni kutazama mikoko, tukakuta maji yamejaa, hakuna kaa wala ndege. Mwanafunzi mmoja akaniuliza fuvu na mikoko vinahusianaje, nami sikuwa na jibu. Je, kuna mahali ambapo mambo haya mawili yanakutana?

Mkazi wa Kijitonyama
Mwalimu, anzia Kijiji cha Makumbusho, barabara ya Bagamoyo. Waoneshe msonge wa Wahaya na tembe la Wagogo, waone kwamba kila watu walijenga kwa kile walichopewa na ardhi yao. Kisha waulize wapwani walipewa nini. Jibu ni mikoko, kwa kuwa boriti zake ni ngumu na mchwa hawaziwezi upesi. Majahazi yalizibeba kutoka delta ya Rufiji hadi Uarabuni, ambako miti ya kujengea ni adimu. Mtoto akilijua hilo, hatauona mkoko tena kama kichaka cha matopeni.

Bibi wa Kunduchi
Mwanangu, usipange tarehe kabla ya kuutazama mwezi. Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji ya pwani yetu hupwa sana kwenye saa nne asubuhi, na kila siku inayofuata hupwa kwa kuchelewa kama dakika 50. Hapo ndipo tope hubaki wazi na ndege hushuka kula. Yangeyange utawaona mwaka mzima, lakini sululu na wenzao wengi huja kutoka kaskazini kuanzia Septemba na kuondoka wakati wa masika, kwa hiyo safari ya Desemba itawafaa watoto kuliko ya Juni. Ukipita daraja la Salenda, watazame ndege wakiwa juu, wasiingie matopeni, kwa sababu mto Msimbazi hupita katikati ya mji na kubeba taka zake zote.

Mpenda Magofu
Nakubaliana na bibi kuhusu maji, ila kwa swali lako hasa, Mwalimu, ningekwenda Kaole, kusini kidogo ya mji wa Bagamoyo, safari ya kilomita takriban 70. Kuna magofu ya msikiti unaohesabiwa kuwa wa karne ya 13, makaburi yenye minara, na makumbusho ndogo yenye vyombo vya kauri kutoka Uchina. Mbele yake, mahali vyombo vya baharini vilipotia nanga, leo pamesimama mikoko. Watoto wataiona bandari na msitu ulioimeza kwa kutazama upande mmoja tu.

Mwalimu wa Mbagala
Nawashukuru sana, na shikamoo bibi. Basi ni Kaole, Desemba, siku mbili au tatu baada ya mwezi mpevu, ili basi liwe na muda wa kufika kabla maji hayajaanza kurudi.