Mada: F-1, tuzo ya konferensi na pesa za picha

Wadau, salaam. Kijana wa besiboli, yuko Marekani kwa F-1 (visa ya mwanafunzi), makocha wamempigia kura kaingia timu ya kwanza ya konferensi (ligi ya vyuo). Duka la vifaa linampa dola 1,500 apige picha na ngao yake. DSO, ofisa wa chuo anayesimamia wanafunzi wa kigeni, kajibu kwa simu, "usisaini", basi. Nawezaje kupata jibu hilo kwa maandishi?
– Columbus

Ngao achukue, si kazi. Kusimama mbele ya kamera kwa malipo ndiyo kazi, na ruhusa ya kufanya kazi kampasi saa 20 kwa wiki haiifuniki. CPT, ruhusa ya kazi ya mafunzo, nayo lazima iwe sehemu ya masomo yake. Akikamatwa, rekodi yake ya SEVIS (mfumo wa serikali wa wanafunzi wa kigeni) inafungwa bila zile siku 60 za kujiandaa kuondoka.
– Dallas

Nyongeza: wengine hupiga picha wakiwa kwao likizo, nje ya Marekani. Wakili aione tarehe ya kila picha kwanza. Akirudi Columbus na kuposti kwa mkataba huohuo, yale yale.
– Minneapolis

Na kodi? 14%, si ndiyo?
– Seattle

Siyo! 14% ni ya skolashipu, upande wa chumba na chakula. Tuzo ya pesa kwa NRA (mgeni asiye mkazi kikodi) hukatwa 30%, inaonyeshwa kwenye fomu 1042-S. Kenya, Tanzania na Uganda hazina mkataba wa kodi ya mapato na Marekani, kwa hiyo fomu W-8BEN, ya kuomba nafuu ya mkataba, haipunguzi hata senti. Na fomu 8843, ya kuonyesha siku zake Marekani hazimfanyi mkazi kikodi, anajaza hata kama hajapata kitu: Juni 15, ila akiwa na mshahara inaambatana na ritani ya kodi 1040-NR, Aprili 15.
– Minneapolis

Tuzo zenyewe ni siasa tupu, kila kocha anampa wake.
– Dallas

Kaka, konferensi ya SEC kocha haruhusiwi kumpigia mchezaji wake. Aloy wa Arkansas alikuwa mchezaji bora 2025 kwa kura za wapinzani.
– Seattle

Waganda Serunkuma na Male walisaini na Dodgers, timu ya besiboli ya kulipwa, 2022 bila kupitia chuo. Hakuna I-20 (hati ya chuo ya kuombea F-1), hakuna DSO. Lugazi ile ya Uganda, vumbi jekundu na glovu za kuazimana… basi tu.
– Boston

Huko visa ni nyingine kabisa, usimchanganye mtu.
– Dallas

Wadau, bado naulizia maandishi ya DSO.
– Columbus