Rafu ya vitabu vipya haisogei: mnawapendekezeaje wakubwa na watoto?

mkutubi_Kondele
Wakutubi wenzangu, maktaba yetu ya jamii hapa Kisumu ina rafu ya "Vipya" karibu na mlango: vitabu kama 40, vya wakubwa na watoto vimechanganywa. Wanafunzi wa sekondari huipita wakienda kudurusu, wazazi huja na watoto Jumamosi, lakini vitabu vinakaa tu. Viwekwe vingapi? Tuviandikie nini? Na kitabu huhesabiwa kipya hadi lini? Bajeti yenyewe mnaijua.

RafuYaMbele, Nakuru
Arobaini ni vingi mno. Mtu aliyesimama mlangoni hachagui kati ya migongo 40, anapita. Weka 12 vya wakubwa na 8 vya watoto, kila kundi na mahali pake, na vya watoto viwe chini kabisa wanakofika wenyewe. Vyote vionyeshe jalada. Akiba ya vitano au sita ikae kwenye droo ya kaunta, ili kikiazimwa kimoja pengo lijazwe siku hiyo hiyo. Rafu yenye mapengo huonekana kama mabaki ya mnada. Kila wiki 4 badilisha vitabu vyote.

Kadi ya pendekezo ndiyo kazi kubwa. Robo ya karatasi ya A4, kalamu nene, maneno 30 hadi 40. Sentensi ya kwanza iseme msomaji atakutana na nini ndani: kasi, kicheko, hofu, mahali. Mwandishi alisomea wapi hakumsaidii mtu. Ya pili imtaje anayefaa, mathalan "kwa anayependa familia zenye siri". Usigusie lolote linalotokea baada ya theluthi ya kwanza. Mwisho, jina la mhudumu aliyekisoma, maana wasomaji watamtafuta wazungumze naye. Asiyekisoma asikiandikie kadi. Maneno yaliyonakiliwa nyuma ya jalada hujulikana mara moja, na imani ikishatoka kwenye kadi moja, nyingine zote hazisomwi.

Halafu katalogi. Fasihi ya Kiswahili kwa Dewey, mfumo wa namba za kupanga vitabu rafuni, iko 896.392, na huko ndiko katalogi itakakomtuma msomaji. Ukikihamishia kitabu mlangoni bila kubadilisha mahali pake kwenye Koha (programu ya katalogi ya maktaba) au rejista, mwenzako wa zamu ya jioni atamwambia msomaji kimepotea.

Mwalimu_Vihiga
Kuhusu upya, fungua ukurasa wa hakimiliki uangalie mwaka wa toleo la kwanza. Ile miaka inayofuata ni ya kuchapishwa tena, na jalada jipya limewadanganya wengi. Mimi nakubali miaka 3 kwa vitabu vya wakubwa. Kwa watoto nyosha hadi 5, kwa sababu kila mwaka wanaingia watoto ambao kwao vyote ni vipya.

Tafsiri ihesabiwe kwa mwaka wake yenyewe. Paradise ya Abdulrazak Gurnah ni ya 1994, lakini Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis, ilitoka 2022, mwaka mmoja baada ya Gurnah kupata Nobeli. Kiweke mbele bila wasiwasi, na kando yake Theft ya 2025 kwa wanaosoma Kiingereza.

Ukitafuta majina ya kununua, anza na Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta inayotolewa na Chama cha Wachapishaji wa Kenya. Ina vitengo vya watu wazima, vijana na watoto, kwa Kiswahili na Kiingereza. Idhini ya KICD, taasisi ya ukuzaji wa mitaala ya Kenya, ni jambo jingine: inakwambia kitabu kinaendana na mtaala, haikwambii kama mtoto atakimaliza kwa hiari yake. Na tafadhali, vitabu teule, vile vya fasihi vinavyotahiniwa sekondari, visikanyage rafu hiyo. Viweke kaunta, visomwe humo humo kwa saa mbili mbili, la sivyo rafu nzima itageuka ya mitihani.

hadithi_za_jioni
Mwalimu, kwa watoto mimi ningeacha kupanga kwa gredi kabisa. Huku kwetu mtoto wa Gredi ya 3 anaweza kwenda mbio kwa Kiingereza na kukwama kwa Kiswahili, au kinyume. Mpe ukurasa mmoja wa katikati asome kwa sauti, akunje kidole kwa kila neno asilolijua. Sufuri au kimoja, ni rahisi. Viwili au vitatu, kinamfaa. Vinne kwenda juu, asomewe na mzazi. Kipimo hiki hakifai vitabu vya picha vyenye maneno kumi kwa ukurasa. Hivyo someni pamoja kurasa mbili umuulize nini kitafuata. Asipojali, lete kingine.

Kwa bajeti, tovuti ya African Storybook ina hadithi za bure, za Kiswahili na hata Dholuo, zimepangwa kwa viwango. Soma leseni ya kila hadithi na usifute majina ya mwandishi na mchoraji. Ukitengeneza kijitabu cha kukunja A4, jumla ya kurasa igawanyike kwa 4, jalada liwe karatasi ya manila, pini mbili za stepla kwenye mkunjo. Kwenye printa chagua kugeuza karatasi kwa upande mfupi. Ukichagua mrefu, nusu ya kurasa zitatoka kichwa chini miguu juu.

mkutubi_Kondele
Asanteni sana. Na yule anayekuja kaunta na kusema tu "nipe kitabu kizuri"?

RafuYaMbele, Nakuru
Usimuulize anapenda mada gani, atakujibu anachodhani mtu wa maktaba angependa kusikia. Muulize: "Kipi cha mwisho ulikimaliza, na kilikushika wapi?" Akisema hajamaliza chochote, uliza filamu au mchezo wa redio. Mletee vitatu: kimoja kinachofanana na alichokitaja, kimoja chembamba, kimoja ambacho asingekifikiria. Viache mezani kisha ondoka. Ukimsimamia, atachukua kimoja kwa adabu na kukirudisha hakijafunguliwa.