Fidia ya adhabu ya mamilioni: haki au bahati nasibu?

Mleta mada

Wakuu, kila tukianza kujadili fidia kubwa za mahakamani, lazima mtu amtaje yule bibi wa kahawa, kana kwamba alitajirika kwa kujimwagia kikombe. Tuisimulie kesi yenyewe kwanza.

Albuquerque, Marekani, 1992. Bibi wa miaka 79 alimwagikiwa kahawa ya McDonald's mapajani, ndani ya gari lililosimama. Akaungua hadi kupandikizwa ngozi. Kahawa ile ilikuwa ikiuzwa kwenye nyuzijoto 82 hadi 88, na kwa miaka kumi kampuni ilikuwa imepokea malalamiko zaidi ya 700 ya watu walioungua. Bibi aliomba dola 20,000, akaambiwa achukue 800. Alipofika mahakamani mwaka 1994, juri (raia wa kawaida walioteuliwa kuamua kesi) lilimpa fidia ya hasara ya dola 200,000, ikapunguzwa hadi 160,000 kwa kuwa naye alikuwa na sehemu ya uzembe. Kisha likaongeza milioni 2.7 za adhabu, karibu mauzo ya kahawa ya kampuni hiyo kwa siku mbili. Jaji akazishusha hadi 480,000, na mwishowe pande mbili zikapatana kwa siri.

Fidia ya hasara humfidia aliyeumia. Fidia ya adhabu humuumiza aliyeumiza. Msimamo wangu ni kwamba hii ya pili ibaki, na iwe kubwa, pale tu mkosaji alipopiga hesabu akaona kuwalipa wachache ni nafuu kuliko kurekebisha kosa. Nje ya hapo, siielewi.

Kesi inayonisumbua ni ya nyumbani: mabomu ya 7 Agosti 1998 kwenye balozi za Marekani, Nairobi na Dar es Salaam, watu 224 waliouawa. Wahanga na familia zao, wakiwemo Wakenya na Watanzania waliofanya kazi ubalozini, waliishtaki Sudan huko Washington kwa kuwapa al-Qaeda hifadhi. Hukumu zilifika dola bilioni 10.2, na kati ya hizo takriban 4.3 zilikuwa za adhabu. Mahakama ya rufani ilizifuta hizo za adhabu kwa sababu sheria iliyoziruhusu ilipitishwa 2008, miaka kumi baada ya milipuko. Mei 2020 Mahakama ya Juu ya Marekani ikasema sheria hiyo inagusa hata matukio ya kabla haijapitishwa, fidia ya adhabu inaruhusiwa.

Ila kufikia hapo Rais Omar al-Bashir wa Sudan alikuwa ameshapinduliwa. Serikali ya mpito ikakubali kulipa dola milioni 335 kwa madai hayo na mengine, ili nchi itolewe kwenye orodha ya Marekani ya wafadhili wa ugaidi. Sasa niambieni, aliyeadhibiwa ni nani? Bashir, au yule mtu wa Khartoum aliyeingia barabarani kumtoa Bashir baada ya bei ya mkate kumshinda?

Mchangiaji wa pili

Mkuu, umemhurumia mlipaji hadi ukamsahau mhanga. Serikali hurithi madeni. Bashir akikopa, Khartoum ya leo inalipa. Akihifadhi wauaji, isilipe?

Kama ni dhuluma, itafute kwingine. Sheria ile ya Marekani iliwafungulia mlango raia wao na waliofanya kazi kwa serikali yao. Aliyekuwa anapita zake Haile Selassie Avenue akapoteza macho, huyo hayumo. Watu zaidi ya 4,000 walijeruhiwa, wengi wao Wakenya wa kawaida kabisa, na wewe unalia na bilioni ambazo hazikulipwa!

Mchangiaji wa tatu

Niongeze la kisheria. Huku kwetu hakuna juri la kutaja tarakimu ya kutisha. Tulirithi kesi ya Kiingereza ya Rookes dhidi ya Barnard, 1964, na Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ikaifuata mwaka 1971 katika kesi ya Obongo dhidi ya Manispaa ya Kisumu. Fidia ya adhabu inatolewa pale mtumishi wa serikali anapotumia mamlaka kwa uonevu, pale mdaiwa alipokosa makusudi akitarajia faida inayozidi fidia (hapo mleta mada na majaji mko pamoja), au pale sheria ya Bunge inaporuhusu.

Lakini angalieni nani hunufaika. Mwaka 2000 Mahakama Kuu ya Nairobi ilimpa Nicholas Biwott, mzito wa enzi za Moi, shilingi milioni 30 kwa kashfa, nusu yake ikiwa ya adhabu. Rungu hili likiwa kubwa, wenye mkono wa kulinyanyua ni walewale.

Mchangiaji wa nne

Kwa hiyo mkubwa akichafuliwa jina ni milioni 30, mama ntilie akimwagiwa sufuria na askari wa jiji ni pole?

Mchangiaji wa tano

Wamarekani wenyewe walishaweka breki. Mwaka 2003, katika kesi ya kampuni ya bima ya State Farm, fidia ya hasara ilikuwa dola milioni 1 na ya adhabu 145. Mahakama ya Juu yao ikasema ni mara chache adhabu itaruhusiwa kufika mara kumi ya hasara. Exxon nao, kwa mafuta yaliyomwagika Alaska 1989, walihukumiwa bilioni 5, wakaishia kwenye milioni 507.5.

Na jimbo lao la Indiana lina jibu kwa hilo swali la bahati nasibu: robo tatu ya fidia ya adhabu inaingia kwenye mfuko wa serikali wa wahanga wa uhalifu. Mdai anabaki na robo. Tuige.

Mleta mada

Breki hizo ndizo zinazonitia shaka. Kampuni ikishajua adhabu haitapita mara tisa, inaiingiza kwenye bajeti na kuendelea na biashara. Inarudi kwenye hesabu ileile tuliyotaka kuivuruga. Bora jaji apime na faida iliyopatikana kwa kosa, asipime hasara ya mdai peke yake.

Mchangiaji wa nne

Na hiyo ya Indiana huku haipandi. Wanaoburutwa mahakamani kwa uonevu hapa mara nyingi ni polisi na halmashauri. Askari akinivunja mkono, Hazina iadhibiwe kwa kuilipa Hazina?