RAV4 Kilitime: tairi gani kwa mvua ya Tukuyu na lami ya Uyole? Na je, mbili zinatosha?

Mama Parachichi

Wakuu, habari za jioni. Naomba mawazo yenu kabla sijatoa hela.

Nina Toyota RAV4 Kilitime ya 2004, milango mitano, ile inayovuta tairi zote nne muda wote. Gari ni la kazi. Nanunua parachichi kwa wakulima wa Mwakaleli, Kandete na kule Masoko, nakusanya Tukuyu, halafu kreti nazipeleka Uyole, Mbeya. Kwa hiyo kilomita nyingi nazimaliza kwenye lami, ila riziki yenyewe iko kwenye tope. Na tope la Rungwe wanaolijua wanalijua: udongo mweusi wa volkano, ukinyeshewa usiku, asubuhi hata ng'ombe anapita kwa kujishauri.

Shida ninayoileta hapa lakini ni ya lami. Kuanzia mvua za Machi, nikiwa nateremka kutoka Isongole kuja Kiwira, ukungu umeshuka, barabara imelowa, nakanyaga breki taratibu nyuma ya lori la ndizi, gari linaendelea na safari zake. Siyo mara moja. Fundi wangu wa hapa kafungua breki zote, pedi bado nzima, diski hazina neno. Anasema ni tairi. Nami nikiziangalia naona kashata, yale meno ya tairi, zipo, tena ndefu, trafiki hajawahi hata kuinama kuzichungulia.

Nikaenda Mwanjelwa. Duka la kwanza kijana ananiambia, "Mama hizi usizitoe, zimekuja na gari toka Japani, ona alama ya mlima na theluji, hizi ni za misimu yote." Hapohapo anataka kuniuzia mbili za mtumba za aina hiyohiyo. Duka la pili wanasema nifunge zile za meno makubwa. La tatu wanasema H/T, zile za lami, na si kingine. Nimerudi nyumbani na kichwa kinaniuma.

Bajeti ni milioni moja na laki mbili, nikijibana sana moja na nusu. Ninunue mbili nzuri sasa na mbili baada ya msimu? Au nne za bei ya kawaida? Na hizo za misimu yote ndizo zipi kwa huku kwetu? Natanguliza shukrani.

Kijana wa Gia

Mama weka za meno makubwa kabisa, inua gari inchi mbili, piga rangi nyeusi rimu. Mwakaleli watakuita mheshimiwa.

Mama Parachichi

Mwanangu, mheshimiwa analipiwa mafuta. Mimi najaza mwenyewe.

Fundi wa Uyole

Dada, kabla hujanunua chochote nenda kwenye gari na tochi na kitambaa kibichi. Futa ubavu wa kila tairi, zote nne, usifute moja ukadhani nyingine zinafanana. Niandikie saizi, mfano 215/70R16. Baada ya saizi kuna namba na herufi, mfano 100Q au 99H, hiyo pia niandikie. Tafuta tarakimu nne za mwisho kwenye namba ya kiwanda: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Tairi za soko la ndani la Japani mara nyingi hazina neno DOT, usihangaike kulitafuta, angalia tu namba inayoishia na tarakimu nne. Usipoiona upande wa nje ipo upande wa ndani, itabidi ulale chini. Mwisho angalia kama kuna neno STUDLESS, yaani tairi ya theluji isiyo na misumari.

Halafu fungua mlango wa dereva, kwenye nguzo kuna karatasi ya Kijapani. Saizi na upepo vimeandikwa pale kwa tarakimu, hazihitaji mkalimani.

Mrundi wa Montréal

Dada, mimi naishi zilikozaliwa shida zako. Hapa Quebec sheria inatulazimisha kufunga tairi za baridi kuanzia tarehe 1 Desemba hadi 15 Machi, kwa hiyo hiyo alama ya mlima wenye chembe ya theluji naijua vizuri. Maana yake tairi imepimwa kwenye theluji ikafaulu. Haisemi lolote kuhusu mvua ya vuguvugu, wala tope, wala jua.

Mpira wa tairi ya baridi unatengenezwa laini ili usikakamae kwenye barafu. Huku tukiona joto limepanda na kukaa juu ya nyuzi 7 hivi, tunazitoa haraka, maana zinalika vibaya na breki inakuwa ndefu. Hata hizo tunazoziita za misimu yote huku, nyingi zina herufi M+S tu, yaani tope na theluji, na herufi hizo zinatokana na umbo la kashata, si lazima tairi iwe imepimwa popote. Tukuyu pana baridi ya sweta, najua, lakini hata Juni yenu si baridi ya barafu. Anayekuuzia theluji huko anakuuzia kitu usichokuwa nacho.

Mama Parachichi

Nimelala chini kama nilivyoagizwa, majirani wamekuja kuuliza kama nimegonga mtu.

Mbele zote mbili: 235/60R16 100Q, zinaishia 3814, STUDLESS imeandikwa kubwa tu, nashangaa nimeishi nayo. Nyuma: 215/70R16 99S, moja inaishia 0916, nyingine 4717, hizo hazina hilo neno. Nadhani aliyeniuzia gari ndiye aliyechanganya. Karatasi ya mlangoni inasema 215/70R16.

Kuna jambo sikulisema mwanzo. Nikikata kona kali, kama kugeuza pale sokoni, gari linakuwa zito na kuna mlio wa kujikaza chini kwa chini. Fundi wangu anasema ni uzee.

Fundi wa Uyole

Sasa tumefika. Dada, hilo la kona ndilo limenitoa usingizini, tuanze nalo.

Piga hesabu. 215/70R16 ina kipenyo cha kama milimita 707. 235/60R16 ni kama 688. Tofauti ni milimita 19, karibu asilimia 3. Kwa gari linalovuta mbele peke yake ungeona spidi mita inadanganya kidogo basi. Kilitime yako inagawa nguvu mbele na nyuma muda wote, na katikati kuna difu na kifaa cha visko chenye mafuta mazito, kazi yake ni kuzuia mbele na nyuma zisipishane mizunguko kupita kiasi. Tairi zako za mbele ni fupi, kwa hiyo lazima zizunguke zaidi kila mita unayokwenda, hata barabara ikinyooka. Visko inavutana nazo kutoka Tukuyu hadi Uyole na kurudi. Inachemka, mwisho inakakamaa, na ikikakamaa gari linagoma kwenye kona, hivyohivyo unavyoeleza. Siwezi kuapa kwamba imeshakufa bila kuliona gari. Funga tairi nne zinazolingana kwanza, tembea kidogo. Mlio ukibaki, njoo tuitazame. Kifaa chenyewe bei yake ni ya kukutoa machozi.

Kwa hiyo swali lako la mbili au nne limeshajijibu. Nne. Zilizo sawa, saizi moja, chapa moja, muundo mmoja, zifungwe siku moja. Kwa gari hili bora nne za bei ya kati kuliko mbili za bei ya juu.

Breki ya Isongole: hizo za mbele ndizo zinazofanya kazi kubwa ukikanyaga, na ni za wiki ya 38 ya mwaka 2014. Mpira wa theluji, uliotengenezwa laini, umepigwa jua na ozoni miaka yote hiyo. Bonyeza kashata kwa ukucha, linganisha na tairi mpya yoyote dukani. Ukucha utakuambia. Halafu chungulia kila kibonge cha kashata, utaona mikato myembamba ya mawimbi. Kwenye barafu mikato hiyo ndiyo inayong'ata, kwenye lami yetu inafanya vibonge viyumbe, ndiyo maana gari linaogelea ukifika mia. Na ile Q ni mwendo wa juu wa tairi, kilomita 160 kwa saa, tairi nyingi za theluji za Japani zina herufi hiyo, kwa hiyo mkiona Q kwenye gari lililoshuka melini juzi, chunguzeni zaidi. Kashata ndefu isikudanganye, trafiki anatazama kimo tu.

Ya kununua sasa. Saizi ya mlangoni, 215/70R16. Za meno makubwa, M/T, sahau. Kwenye tope ni tamu, lakini kwenye lami iliyolowa vibonge vinavyogusa chini ni vichache, utarudi kulekule kwa lori la ndizi, na mafuta utalia. H/T ni nzuri sana kwa lami, mifereji yake inatoa maji vizuri, haina kelele, ila tope la Kandete linajaa kwenye mifereji tairi inakuwa duara tupu. Wewe chukua A/T, ile ya lami na tope, ya upole, ile ambayo katikati kashata zimebanana na pembeni zimeachana. Geolandar A/T ya Yokohama na Grandtrek AT ya Dunlop ni za aina hiyo, nimezifunga kwa watu wa chai Katumba na hawajanirudia na malalamiko. Angalia namba ya uzito: 99 ni kilo 775 kwa tairi, 100 ni kilo 800. Usishuke chini ya 99, unabeba kreti. Na tarehe. Muuzaji akikataa usisome tarehe, ondoka.

Bajeti ikikataa hizo, chukua za Kichina mpya za mwaka huu au uliopita. Ni afadhali kuliko Japani ya 2014.

Mzee wa Kitonga

Fundi, yote umenena ila hapo mwisho nakupinga. Nimeendesha Mbeya–Dar tangu lami ya Kitonga ina mashimo ya kulaza ndama. Tairi ya bei rahisi ilinipasukia Mikumi saa nane mchana, nyumbu wananitazama. Mwanangu Mama Parachichi, kopa uongeze, ununue ya chapa.

Fundi wa Uyole

Shikamoo mzee. Siku hiyo ulikuwa na upepo kiasi gani, na mzigo?

Mzee wa Kitonga

Marahaba. Mzigo ulikuwepo. Upepo vijana wa Mafinga waliniwekea, sikupima.

Fundi wa Uyole

Ndiyo hapo, mzee wangu. Upepo ukipungua na mzigo upo, ubavu unakunjwa kila mzunguko, joto linapanda ndani, na Mikumi saa nane inamalizia. Hata ya chapa ingepasuka. Sikatai kwamba ya chapa inavumilia zaidi, na kama ana uwezo wa kufika milioni na nusu aende nayo. Ninachokataa ni anunue mbili za chapa abaki na zile za 2016 na 2017 nyuma.

Dada, na upepo huo usiwaachie vijana. Wengine wanajaza 45 kila gari, pikipiki sijui wanafanyaje. Karatasi yako ya mlangoni imeandikwa kwa kPa, 200 ni sawa na 29 hivi ya geji zetu. Pima asubuhi tairi zikiwa baridi. Ukipakia kreti hadi juu ongeza kidogo. Ukikwama kule Kandete shusha hadi 20 na kitu, toka taratibu bila kuzungusha tairi, halafu jaza tena kabla hujashika lami. Nunua pampu ndogo ya kuchomeka kwenye gari. Na ukishafunga, alaimenti siku hiyohiyo, wala usikubali wakuambie uje wiki ijayo, hiyo ya mbele kulia lazima imeshalika upande.

Mama Parachichi

Fundi, imelika upande kweli, ya mbele kulia. Umeonaje na uko Uyole?

Nimepata A/T Mbeya mjini, 215/70R16 100H, za mwaka jana, kwa nne wameniacha moja na laki nne pamoja na kufunga. Nimewaomba wazitoe stoo niwashe tochi, wamecheka ila wametoa. Kesho nashuka nazo. Ila nimekumbuka spea, ile inayoning'inia mlango wa nyuma. Nimevua kava. Haijawahi kugusa ardhi, vinywele vya mpira bado vipo, inang'aa. Inaishia 2204. Niibakize?

Fundi wa Uyole

Ya 2004 usiitembelee hata kwenda dukani. Inang'aa kwa sababu ya kava, ndani imeshakauka, ikishika mzigo inapasuka. Ile ya nyuma ya 4717 ndiyo mpya kuliko zote ulizonazo, na saizi ni ya mlangoni. Kama haina nyufa na haijazibwa ubavuni, ihamishie kwenye rimu ya spea. Ukipata pancha nayo itakufikisha kwa mzibaji, ukiziba tu uitoe. Ya 2004 wape watoto wafanye bembea. Zile mbili za theluji usimuuzie mtu.

Kijana wa Gia

Mimi naichukua hiyo ya bembea.