Mzee ninayemheshimu ameishambulia ripoti yangu kikaoni: nianzie wapi?

Mtafiti Chipukizi

Habari za kazi, wanajukwaa. Mimi ni mtafiti katika kituo kimoja cha kilimo, na hivi karibuni niliwasilisha mbele ya kikao cha idara ripoti ya jaribio la mahindi lililolinganisha viwango vinne vya mbolea kwenye shamba lenye mteremko. Kabla sijafika kwenye majedwali ya mavuno, mzee wetu mmoja, ambaye ndiye aliyenifundisha kupima vitalu kwa kamba na vigingi, alisema kwamba bloku, yaani makundi ya vitalu vinavyolinganishwa pamoja, zimelazwa kufuata mteremko badala ya kuukata, kwamba matokeo yote hayana thamani, na kwamba ripoti ya namna hiyo haikupaswa kutoka mezani. Hakuna aliyezungumza baada yake. Mwenyekiti aliita ajenda iliyofuata. Rasimu ya mwisho inatakiwa na wafadhili mwisho wa mwezi. Nikinyamaza, nitaonekana nimekubali kwamba kazi yote ni bure. Nikimjibu, nitaonekana sina adabu. Nifanyeje?

Mtakwimu

Pole sana, dada. Mzee amesema mambo mawili kwa pumzi moja, na ukiyapokea kama jambo moja utalazimika kuyakubali yote au kuyakataa yote.

La kwanza ni la kitaalamu. Mvua huteremsha rutuba, kwa hiyo udongo wa chini ya mteremko mara nyingi huwa mzito na wenye unyevu kuliko wa juu, na ndiyo maana bloku hulazwa kuukata mteremko ili vitalu vya bloku moja vifanane. Ikiwa zako zinashuka pamoja na mteremko, tofauti hiyo ya udongo imebaki ndani ya kila bloku na kuongeza kosa la jaribio, yaani tofauti za mavuno zisizotokana na mbolea. Hapo ana hoja, na unaweza kuipima mwenyewe: angalia kwenye jedwali la uchanganuzi kama bloku zimebeba sehemu ndogo tu ya tofauti za mavuno.

La pili ni hukumu kwamba matokeo hayana thamani, na hiyo haitokani moja kwa moja na hoja ya kwanza. Ikiwa viwango vya mbolea viligawiwa vitalu kwa kura ndani ya kila bloku, hakuna kiwango kilichopendelewa. Kilichopungua ni uwezo wa jaribio kubaini tofauti ndogo. Chukua ramani ya shamba, ingiza nafasi ya kila kitalu kwenye mteremko kama kigezo cha ziada, kisha urudie hesabu. Tofauti ikibaki, iandike; ikiyeyuka, iandike vilevile. Ila kama kura haikupigwa, hukumu yake ni nzito zaidi, na ni heri uijue sasa kuliko baada ya wafadhili kuisoma.

Msomanyota

Naunga mkono, na naongeza kwamba heshima ya msemaji haithibitishi hoja yake. Januari 1935, mjini London, Subrahmanyan Chandrasekhar, mwanafizikia kutoka India, akiwa na umri wa miaka 24, alieleza kwamba nyota kibete nyeupe, yaani kiini kinachobaki baada ya nyota kama Jua kumaliza nishati yake, haiwezi kuzidi uzito fulani, ambao leo tunajua ni takriban mara 1.4 ya uzito wa Jua. Arthur Eddington, mwanaastronomia aliyeheshimika mno, na ambaye alikuwa akiyafuatilia mahesabu hayo kwa karibu, alisimama baada yake akayakejeli mbele ya wote. Baadhi ya wanafizikia wakubwa walimkubali Chandrasekhar faraghani lakini hawakujitokeza kumtetea. Hakugombana, aliichapisha hoja yake kikamilifu katika kitabu cha mwaka 1939, akahamia utafiti mwingine, na mwaka 1983 alipata Tuzo ya Nobel. Uhusiano wake na Eddington haukuvunjika.

Mtafiti Mstaafu

Mwanangu, mfano wa Msomanyota ni wa kweli, lakini usiende kwa mzee wako ukiwa umeshaamua kwamba yeye ni Eddington. Wengi wetu tuliokosoa vikali tulikuwa sahihi kuhusu kasoro na tukakosea kuhusu ukubwa wake.

Usimwandikie barua pepe yenye nakala kwa idara nzima. Omba nusu saa ofisini kwake, mwamkie kama siku zote, tandaza ramani mezani na umwombe akuonyeshe angezilaza wapi bloku. Mkishakuwa juu ya ramani, mwonyeshe hesabu mpya na umuulize kama bado anaona hazifai. Akikutuliza au akikukazia, utakuwa umepata sababu, na sababu ndiyo uliyonyimwa kikaoni.

Kuhusu namna alivyosema, sikubaliani kabisa na wanaodai kwamba kijana akomazwe hadharani, kwa maana nimeona watafiti wazuri wakiacha kuwasilisha kazi zao kwa sababu hiyo. Mwambie kwa upole kwamba ungeshukuru kama siku nyingine angekuita pembeni kwanza. Kisha, kwa kuwa maneno yake yako kwenye kumbukumbu za kikao, muombe mwenyekiti nafasi fupi kikao kijacho uwasilishe marekebisho, na mzee ajue mapema kwamba utafanya hivyo.

Mtafiti Chipukizi

Ahsanteni sana. Kura ilipigwa ndani ya kila bloku, na daftari la shamba lina nafasi ya kila kitalu. Narudia hesabu kwanza, kisha naomba miadi.