Tupeane uzoefu: pingili ya kiuno imeteleza, fiziotherapia inasaidia?

Mwana Uyole: Leo sokoni Mwanjelwa nimemwona kijana kainama chini ya lumbesa ya viazi, kiuno kikaniuma mimi. Pingili yangu ya nne imesogea mbele juu ya ya tano, daraja la kwanza, yaani haijasogea hata robo ya upana wake. Nimekatazwa kubeba, nafanya fiziotherapia mwezi wa tatu sasa. Mliopitia, mlifanyaje?

Mama Tuli, Tukuyu: Pole baba. Yangu hiyo hiyo. Kupanda mlima nafuu, kushuka ndiyo kilio.

Fundi Mbao, Mafinga: Acheni kuhangaika. Huku kuna mzee anakukanyaga mgongo, inarudi. Mimi nilipona.

Mama Tuli: Kaka, usimpotoshe mgonjwa. Hairudi kwa kisigino. Hata mazoezi hayairudishi, yanakaza misuli ya tumbo na mgongo iishike isiendelee. Ulipiga picha?

Fundi Mbao: Picha ya nini na nimepona?

Dereva, Makambako: Ngojeni. Mimi niliumwa miaka, najifunga mkanda, nameza vidonge, naendesha. Siku hiyo nateremka mlima Kitonga na mzigo, mguu wa kulia ukafa ganzi juu ya breki. Naukanyaga, sijui kama nimekanyaga. Nikarudisha gia, injini ikalishika gari, nikaliegemeza ukingoni. Utingo ananishusha, ananiambia, "Mzee, suruali imelowa." Sikuwa nimesikia chochote. Hospitali wakasema mishipa ya fahamu imebanwa, hapa mazoezi yamepitwa. Nikapasuliwa. Fiziotherapia ikaja baadaye, miezi sita nikijifunza kutembea kama mtoto.

Mama Tuli: Mungu wangu!

Kijana wa Igawa: Kitonga na mzigo! Ulikuwa gia ya ngapi?

Dereva: Ya tatu, nikaingiza ya pili.

Kijana wa Igawa: Ya pili ungeanza nayo juu kabisa.

Mwana Uyole: Jamani, kiuno.

Mama Tuli: Lala chali, kunja magoti, kandamiza kiuno sakafuni, hesabu hadi kumi huku unapumua. Goti moja moja kifuani. Usijipinde kwenda nyuma hata siku moja.

Binti Njombe: Na chupa ya maji ya moto, baridi ya huku inakaza. Lala chini kwenye mkeka.

Mama Tuli: Mkeka hapana, utashindwa kuamka. Godoro, na mto chini ya magoti.

Fundi Mbao: Dereva, hiyo ganzi ilianzaje? Vidole viwili vya mguu wa kushoto sivisikii tangu mwezi wa saba.

Dereva: Ilianza hivyo hivyo, ndugu yangu. Kesho asubuhi kapige picha. Na haja ndogo ikikataa au ikitoka yenyewe, usingoje asubuhi.