Tupeane uzoefu: nahau za Kiingereza na mazingira ulikozisikia

Ndugu wanajamvi, salaam. Naomba tukusanye hapa nahau za Kiingereza tulizokutana nazo, lakini kila mmoja aeleze na mazingira yake, kwa sababu orodha za maana tunazo tele na hazimwambii mtu lini atumie nahau fulani na lini ainyamazie. Naanza na “kick the bucket”. Kamusi itasema ni kufa, na ni kweli. Ila nilipokabidhiwa barua ya rambirambi niipitie kabla haijatumwa kwa mwenzetu aliyefiwa, niliikuta katika mstari wa kwanza. Hiyo ni “kukata kamba”, si “kuaga dunia”, na mfiwa haandikiwi hivyo. Niliifuta, nikaweka “passed away”.

Mchangiaji wa pili:
Niliandika muhtasari wa kikao cha mtandaoni cha Waingereza na Wamarekani. Mwenyekiti alipouliza kama hoja iwe “tabled”, wote waliafiki upesi mno, kisha Waingereza wakaanza kuijadili huku Wamarekani wakifungua ajenda inayofuata. Kwa Mwingereza, neno hilo ni kuiwasilisha hoja ijadiliwe. Kwa Mmarekani, ni kuiweka kando. Winston Churchill naye alisimulia jinsi maofisa wa nchi hizo mbili walivyobishana kwa muda mrefu juu ya neno hilo hilo wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, kumbe walitaka jambo moja. Siku hizi naandika “ijadiliwe leo” au “iahirishwe”, basi.

Mchangiaji wa tatu:
“Under the weather” ni kutojisikia vizuri, kwa maradhi mepesi tu. Aliye mahututi hasemwi hivyo, labda ajitanie mwenyewe, kama nilivyomsikia jirani yangu wodini.

Mchangiaji wa nne:
Msimamizi wetu alitangaza kuwa amewasomea wachelewaji “the riot act”, na mwenzangu mgeni akaomba nakala. Maana yake ni kumpa mtu vidonge vyake, yaani kumkaripia na kumwonya. Hata hivyo, ombi lile lilikuwa na mantiki, kwani sheria yenyewe ilikuwepo Uingereza: ilianza kutumika mwaka 1715, ikampa hakimu mamlaka ya kuusomea umati wa watu 12 au zaidi tamko la kuwataka watawanyike, na waliobaki pale baada ya saa moja waliweza kuhukumiwa kifo. Mwenzangu alipoelezwa hayo alisema afadhali karipio.